Ndoo Elfu Nne Ghalani

Mimi nashuku watu, na siombi radhi. Mtu akinisifia gauni, kwanza napapasa mgongo nione kama zipu imeachia. Lakini maisha yangu yote kuna mtu mmoja ambaye sikuwahi kumshuku hata chembe, naye ni kaka yangu, mtunza ghala wa kiwanda cha rangi.

Ukitaka kumjua kaka, tazama funguo zake. Ziko saba, kwenye mnyororo uliofungwa mkandani, na kila asubuhi anazipitia kwa kidole gumba kabla hajanywa chai. Kwa miaka ishirini na sita ameandika ndoo zinazoingia na zinazotoka, kwa mwandiko wa duara kama wa mtoto wa darasa la tatu. Ukimwomba hata msumari mmoja atakuambia, "Leta karatasi," hata kama wewe ni mdogo wake wa tumbo moja na mvua inakunyeshea mlangoni. Kiwandani wanamwita Mzee Leta Karatasi. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshapangiwa kazi: mabati ya nyumba, ada ya mwanawe chuoni, na meno ya wifi.

Mimi niko upande wa pili wa ukuta, kwenye mashine ya kujaza. Tuko wanawake arobaini na mmoja. Ndoo ya lita ishirini ikijaa tunaibeba kwa mikono yetu hadi kwenye toroli, na rangi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Ghalani haturuhusiwi kukanyaga.

Mwezi ule mkurugenzi alitukusanya uani, akasimama juu ya kreti na kipaza sauti. Akasema kampuni itauza hisa. Mauzo yamepanda, ghala limejaa, na sisi kwa upendeleo tunaweza kubadilisha viinua mgongo vyetu viwe hisa. Mwisho wa kujaza fomu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nikabaki nimekunja mikono. Mashine yetu ilikuwa imelala wiki sita kwa kukosa malighafi, tunashinda tukifuta madirisha na kusengenyana. Sasa hilo ghala limejazwa na nani, mashetani?

"Wewe naye!" akasema Komando, msimamizi wetu, mwanamke mwenye mabega ya mpagazi. "Hata peponi utauliza nani analipa umeme."

"Nitauliza," nikamjibu. Hapa pana namna, nikajisemea.

Jumapili nikaenda kula kwa kaka. Wifi alikuwa amepika vizuri, lakini mimi nilikuwa nimebeba swali.

"Kaka, ghalani kuna nini?"

Hakushangaa. Hapo ndipo moyo uliponilipuka pa! Mtu asiye na lake angeniuliza nina maana gani. Yeye alimtazama mkewe, na wifi akainamia sahani.

"Kuna ndoo," akasema. "Elfu nne na kitu."

"Ndoo za nini?"

"Fomu inasema rangi."

"Fomu sijaiuliza mimi. Nimekuuliza wewe."

Akanawa mikono taratibu, kila kidole peke yake. Akanieleza kwamba malori yalikuja Jumapili mbili, kiwanda kimefungwa, mhasibu mkuu mwenyewe akiwa ameshika karatasi. Kaka alinyanyua ndoo moja tu, akajua. Ni maji, tena hayajafika hata nusu. Mhasibu akamshika bega: "Mzee wangu, saini. Mwezi wa tatu unastaafu, usijiharibie." Akasaini. Malori yaliporudi, akasaini tena.

Nililia kwa hasira. "Wenzangu Ijumaa wanatoa jasho lao lote, kaka! Lote!"

"Wakaguzi wa hesabu wanakuja Jumanne. Wataona wenyewe."

"Na wasipoona?"

Aliyejibu ni wifi. "La kuvunda halina ubani, wifi, najua. Lakini tafadhali, usinifungie mume."

Jumanne nilijipendekeza kwa ofisi, nikapewa kazi ya kupeleka viti na maji ya kunywa ghalani. Wakaguzi walikuwa wawili, wenye tai, mhasibu mkuu nyuma yao, wanahesabu kwa ncha ya kalamu: safu hii mara ile, andika. Hakuna aliyegusa ndoo. Nikamsubiri kaka aseme. Alisimama na ubao wa fomu kifuani, hanitazami. Mkaguzi mkubwa akapiga mwayo. "Mzee, saini hapa tumalize."

Uvumilivu ukaniishia. Nikatwaa ndoo iliyokuwa karibu, nikang'oa kifuniko, nikaimwaga sakafuni. Maji matupu, yakatambaa mpaka kwenye viatu vya mkaguzi.

Mhasibu akamgeukia kaka, na wakaguzi nao wakamgeukia. Haya, kaka, nikasema moyoni, mlango ndio huo, pita.

"Hiyo ni ya kuoshea brashi," kaka akasema. "Imechanganyika tu. Huyu ni mdogo wangu, halali vizuri siku hizi."

Mkaguzi akatabasamu kama mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Akapunguza ndoo moja kwenye hesabu yake. Kaka akasaini mara ya tatu. Mimi mhasibu akaniambia nikapumzike nyumbani kidogo, na nilijua hicho kidogo kina urefu gani.

Siwezi kudanganya, siku zile nilimchukia kaka. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, nami nilikuwa nimekagua nguo za dunia nzima nikasahau zangu. Halafu nakumbuka ni huyuhuyu aliyenilipia ada, ni huyuhuyu aliyemtoa mbio mume aliyekuwa akinipiga. Nikisema, mhasibu hana saini popote. Jina ni la kaka peke yake. Nikinyamaza, Komando na miaka yake kumi na tisa pale mashineni atabaki na karatasi za kufungia maandazi. Nililala na kuamka na hesabu hiyohiyo, na kila upande ulikuwa na mtu wangu.

Ijumaa, saa moja kasoro asubuhi, nilikuwa getini. Wenzangu walifika na fomu zao mkononi.

"Msisaini," nikawaambia. "Zile ndoo ni maji."

"Nani kakuambia?" akauliza Komando.

"Kaka yangu. Na saini zote ni zake."

Wakageuka, maana kaka mwenyewe alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yao. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mzee," Komando akasema, "dada yako anasema kweli?"

Nikamngojea anisingizie ukichaa mara ya pili. Alinitazama, uso umemporomoka, nikatamani ardhi inimeze. Kisha akafungua mkanda, akachomoa mnyororo wenye funguo zote saba, akampa Komando.

"Nendeni mkanyanyue wenyewe."

Mlinzi alijaribu kuwazuia, akapisha. Komando ndiye aliyetangulia kuingia ghalani. Akapanua miguu, akakaza mgongo kama anavyofanya kila siku ya Mungu, akavuta. Ndoo ikaruka juu, naye akaanguka chali pamoja nayo. Hakuna aliyecheka. Akanyanyua mwingine, na mwingine, na hakuna aliyehitaji kufungua kifuniko.

Siku ile fomu hazikujazwa. Saa nane mchana polisi walimchukua kaka pamoja na saini zake tatu. Mhasibu mkuu naye aliitwa, kama shahidi. Komando amekusanya michango ya wakili, na kila mwezi analeta bahasha bila kusema lolote.

Jumamosi ndiyo siku ya kuwaona mahabusu. Mimi na wifi tunakutana kwenye foleni, nikimsalimia haitikii. Nampisha aingie kwanza. Ndugu wote kwa pamoja tunapewa dakika kumi tu, na mara nyingi yeye huzimaliza zote.