Toa mguu, umekanyaga msitu

Leo mama mmoja kaniuliza nasomea nini, nikatamani kudanganya. 😅

Iko hivi. Ramani yangu ya setilaiti imepaka eneo moja la huku juu Meru rangi nyekundu: msitu umepotea, na kaboni yake imekwenda. Kabla ya kukabidhi tasnifu nikasema ngoja nipande nikaone kwa macho.

Nikakuta viazi tu. Na huyo mama, Mama Ndeshi, anapalilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikauliza kwa sauti ya msibani: "Msitu wa hapa uliisha lini?"

Akanitazama miguuni. "Toa mguu kwanza. Umeukanyaga."

Jamani! Chini ya buti langu kulikuwa na mche wa paina, urefu wa kidole.

Kumbe miti mikubwa ilivunwa, ikapandwa mipya, na wakulima wanaruhusiwa kulima viazi katikati mradi waitunze miche hadi ikue. Setilaiti huko juu inaona udongo tu.

Mama akauinua mche, akaushindilia udongo kwa vidole. "Huu utasimama. Kwani wewe unasomea nini?"

"Misitu, mama."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Halafu akanifungia viazi vya kwenda navyo nyumbani.

Nimeshafuta neno "umepotea". Na kwenye ukurasa wa shukrani, jina la Mama Ndeshi limemtangulia msimamizi wangu. Nyie mngefanyaje?

Prof, ukisoma hapa, nisamehe. Umenisahihisha mengi, ila hukuwahi kuniambia nitoe mguu.