Kasiksi ya Mzee Kasereka

Jumapili alasiri Masika alifukia pombe nyuma ya nyumba aliyopanga pale La Rochelle, Johannesburg. Ilikuwa kasiksi, pombe ya ndizi, dumu moja la lita ishirini, na mnywaji wake alikuwa mtu mmoja tu: baba yake mzazi, Mzee Kasereka, aliyeletwa kutoka Butembo kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mzee alikuwa anapanda ndege kurudi kwao Alhamisi. Kwa hiyo Jumatano pombe iwe tayari, au basi tena.

Hiyo "basi tena" ndiyo iliyokuwa ikimla. Miaka kumi na tisa nyuma Masika alitoroka na Gaston, utingo wa lori, bila wazee kukaa wala mbuzi kufungwa mlangoni, na tangu siku ile baba yake hajalitamka jina lake. Kwenye simu mzee alikuwa akiuliza, "Mama wa Héritière aiko?" akimtaja kwa jina la mwanawe, kama mtu anayemuulizia jirani. Wiki tatu sasa analala chumba cha pili, anakula wali wa bintiye, na bado anamwita "wewe". Mimba mbili zilimharibikia Masika, saluni ya kwanza ikaungua, na kila mara alijiambia kwamba sababu anaijua: hana neno la baba.

Katika ukoo wao, binti aliyeondoka vibaya humrudia baba na pombe. Aipike mwenyewe, asisaidiwe hata kuchochea moto. Mzee ni muumini wa kanisa, hakosi Jumapili, lakini yapo mambo ambayo hakuyaacha nje ya mlango wa kanisa.

"Nitakunywa pombe ya mikono yako," alimwambia. "Ikiamka, nitasema ile niko nayo. Ikilala, na mi nitalala na maneno yangu."

Basi Masika akanunua ndizi mbivu sokoni, akakata nyasi kavu kando ya reli, akazikamua ndizi kwa nyasi hizo mpaka viganja vikachubuka. Akatia mtama uliooteshwa na kusagwa, ule ule ambao akina mama wa Kizulu hupikia pombe yao. Mahali pa kuiweka palikuwa shida. Mwenye nyumba alikuwa Bi Tumu, mama wa Tanga, mkali na mkarimu kwa kipimo kimoja.

"Pombe ndani ya nyumba ninayoswali? Thubutu!" alisema. "Huko uani, mwanangu, ni wewe na Mola wako. Mie sitaigusa, sitaipita karibu, na harufu yake nitaiona ya mapapai."

Ndipo Masika akafanya kosa ambalo lingefanywa tu na mtu aliyepika mara ya mwisho kwao. Alichimba shimo. Kwao, mwezi wa saba ni kiangazi. Unawasha moto shimoni, unazoa makaa, unaifukia pombe, na ardhi inaikumbatia siku tatu. Johannesburg mwezi wa saba ni mwezi wa kutetemeka, na Masika ametetemeka huko mara kumi na tisa, ila mikono yake ilikuwa inakumbuka Butembo. Jumatatu alfajiri alipogusa udongo kando ya dumu, ulikuwa baridi kama sakafu ya bafu. Akamwaga majivu ya moto kuzunguka dumu, akafunika kwa magunia na maboksi, akaondoka kwenda kazini roho mkononi. Majivu yale yangehimili mpaka saa nne, tano kwa bahati.

Saluni iko barabara ya Rosettenville, mwendo wa dakika ishirini. Mteja wa asubuhi alikuwa Chloé, msichana wa Lubumbashi anayesoma chuo Doornfontein, mwenye nywele nyingi na haraka kidogo. Masika alikuwa amefika katikati ya kichwa, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima, mtu mmoja alipopiga kelele barabarani. Halafu wote wakapiga kelele.

"Yaya Masika, neige!" Chloé akaruka kitini. "Neige, Joburg! Tutoke, unipige photo!"

Theluji ilikuwa inaanguka kweli. Wenye maduka walikuwa wametoka nje na simu zao, polisi wa trafiki alikuwa ameinua uso na kufungua mdomo kama mtoto, na gari moja lilisimama tu katikati ya njia, dereva akicheka. Mji mzima ulikuwa na sherehe. Masika peke yake alisimama mlangoni akaona kila kipande cheupe kinavyoshuka kwenda kuua pombe yake, na akaichukia ile theluji kwa moyo wote.

Simu ikalia. Ni Bi Tumu.

"Mwanangu, huku uani kumekuwa kweupe pe! Shimo lako silioni lilipo."

"Magunia bado iko juu, mama?"

"Nakwambia silioni. Nikuambie mara ngapi?"

"Na papa?"

"Yumo chumbani kwake, mlango umefungwa. Nimemwambia atulie, daktari kamkataza baridi na kamkataza kuinama. Nami naingia kuswali. Njoo."

Njoo. Angekwendaje, na nusu ya kichwa cha mtu iko mikononi? Alimrudisha Chloé kitini karibu kwa nguvu, akasuka. Vidole vilikuwa vizito. Alifumua msuko mmoja mara mbili, akamvuta mtoto wa watu hadi akasema "aï", akaomba radhi, akamvuta tena. Kichwani mwake alikuwa uwanja wa ndege siku ya Alhamisi, akimtazama baba anavyokwenda na fimbo yake bila kugeuka, na mzee wa miaka sabini na nane akiondoka hivyo hamwoni tena.

Alimaliza saa nane. Alikimbia. Alivuka roboti, zile taa za barabarani, bila kuziangalia, akateleza mbele ya duka la Wasomali, akaanguka goti, akainuka. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka, lakini ilikuwa bado imelala juu ya mabati na kuta. Akapita pembeni mwa nyumba akiwa tayari analia.

Uani hapakuwa kweupe pe.

Palikuwa na njia. Ilitoka mlango wa chumba cha pili, ikakata ua, ikafika shimoni, ikarudi. Na haikupitwa mara moja, ilikuwa imekanyagwa mpaka matope meusi yameonekana. Nyayo zilikuwa za viatu virefu, vyembamba, na kando ya kila unyayo wa kulia kulikuwa na tundu dogo la mviringo. Masika alilitazama lile tundu muda mrefu. Ni la fimbo.

Juu ya shimo hapakuwa na theluji hata chembe. Palikuwa na koti la sufi la kahawia, alilolivaa baba yake tangu Butembo, limetandazwa na kupindwa pembe nne kama shuka la mtoto. Masika akapiga magoti, akaingiza mkono chini yake. Majivu mapya. Ya moto, ya kuunguza. Akainamisha sikio kwenye dumu, na humo ndani akasikia pombe inanong'ona, inachemka polepole. Alilia kwa sauti, wala hakujali nani anamsikia.

Alipogonga chumba cha pili alimkuta mzee ameketi kitandani na shati tupu, blanketi mabegani, kitambaa cheupe juu ya jicho. Jiko la makaa lilikuwa limebaki majivu matupu. Chini ya kitanda viatu vilikuwa vinachuruzika maji.

"Papa, ulitoka inje?"

"Mi? Sijatoka." Aligeukia dirishani. "Niko naangalia tu. Kumbe hii njo ile iko juu ya Ruwenzori. Miaka yote naiona mbali."

Masika alichukua vile viatu, akavijaza magazeti, akaviweka juani. Bi Tumu alikuwa dirishani kwake na tasbihi mkononi.

"Mie nilikuwa kwenye msala, sikuona kitu," alisema kabla hajaulizwa. "Ila uchungu wa mwana aujuae mzazi. Haya, mpikie chai ya tangawizi kabla hajafa kwa ukaidi."

Jumatano jioni Ruphin, kaka yake Masika, alikuja na mabegi ya safari ya mzee, na Gaston, siku hizi mlinzi, akaomba ruhusa kwenye lindo lake. Wakakaa uani juu ya viti vya plastiki. Masika akaichota kasiksi kwenye kikombe, akapiga magoti, akampa baba yake kwa mikono miwili.

Mzee hakunywa. Aliuliza kwanza, kama inavyoulizwa.

"Pombe hii ni ya mikono ya nani?"

"Ya mikono yangu, papa."

"Yako peke yako?"

Masika aliinua macho. Baba yake alikuwa anamtazama kwa jicho lile jipya, kitambaa kimeshaondolewa, na jicho lilikuwa limejaa maji, na koti alilovaa lilikuwa na doa la majivu kifuani ambalo mtu alijaribu kulisugua likakataa kutoka.

"Yangu peke yangu, papa."

Mzee akanywa. Akanywa mpaka chini, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akamnyooshea bintiye kikombe.

"Masika," akasema. "Ni mubaya sana. Ongeza."