Fomu ya Kuchagua Wodi

Wiki tatu kabla ya kumaliza chuo cha uuguzi pale Tororo tulipewa fomu ya kuandika wodi ambayo kila mmoja angependa kufanyia kazi. Wenzangu walijaza papo hapo. Wengi walitaka chumba cha upasuaji, na wengine kimawazo walishafika ng'ambo. Mimi nilizunguka nayo mfukoni siku nne, naitoa, naikunja, naitoa tena, mpaka ikalegea.

Kilichonikwamisha ni mtoto. Nilipokuwa mazoezini Busia nilimzalisha mwanamke wa Masinya, na familia yake ikampa mtoto jina langu, kama wafanyavyo kwetu kumshukuru aliyempokea. Mama yangu alipopata habari, kijiji chetu cha Masafu kizima kikajua kwamba binti yake ni mkunga. Hakuna aliyeniuliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Nilinawa mikono, nikaandika uzito wa mtoto, nikatazama saa.

Wodi ya wagonjwa wa akili, ambayo wenzangu waliikwepa, ndiyo iliyonituliza. Mimi huyu, mwenye hasira za karibu, nilikaa wiki mbili na mwanamke asiyesema neno, nikimpelekea uji kila asubuhi. Siku moja akauonja, akanikazia macho: "Hauna sukari." Nilijificha nyuma ya mlango nikalia kwa furaha.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilimkuta mama akimenya mihogo, pembeni yake amekaa bibi wa yule mtoto wa Masinya, amembeba mjukuu mgongoni.

"Musawo wangu," mama akasema, kama kwetu wanavyomwita daktari au muuguzi, "hiyo fomu uliandika wodi ya wazazi, si ndiyo?"

"Hapana, mama. Nataka wodi ya akili."

Kisu kikasimama. "Unataka kukaa na watu ya wazimu? Na hii jina tulipewa, tutasema nini kwa watu?"

Nilitaka kumjibu vibaya, nikaona aibu mbele ya mgeni.

Bibi alimfungua mtoto mgongoni, akanipakatisha. Alisema taratibu, akiangalia chini.

"Mama yake halali tangu azae. Anaongea na ukuta. Mtoto akilia, anaziba masikio. Sisi tunamficha tu, majirani wasijue. Mimi sikuja kusalimia, mwanangu. Nilikuja kuuliza kama wewe unajua hiyo kitu."

"Najua," nikasema.

Mama yangu alikuwa ameshainuka, anatafuta viatu vyangu.