Bega la Kushoto

Mama yangu alikuwa muosha. Akifa mwanamke kwetu, kabla hata matanga hayajatandikwa, mtu alitumwa kwa mama. Aliosha maiti kule pwani tulikozaliwa, na tulipohamishiwa hapa Quitunda kupisha mradi wa gesi aliendelea kuosha, ingawa mwanzoni alinung'unika sana kuhusu nyumba. Nyumba hizi za matofali zina sakafu ya saruji, huwezi kuchimba mfuo ndani wa kupokea maji ya maiti, kwa hiyo tunachimba uani na kuzungushia vitambaa vya kapulana. "Wametupa nyumba za kuishi," alikuwa akisema mama, "wamesahau kwamba watu wanakufa pia."

Mimi nilikuwa mmiminaji wake wa maji. Baadaye bega lake la kushoto lilipogoma kabisa, tukabadilishana: mimi nikainama, yeye akakaa kwenye kigoda na kunisema. "Taratibu, huyo si samaki." Aliamini kwamba maiti anahisi. Maji yasimchome, yasimgandishe, na kiungo chake kisivutwe kwa nguvu, kwa sababu hana tena mdomo wa kulalamika.

Lile bega liliharibika zamani na halikupona. Mkono uliinuka mpaka usawa wa titi, basi. Ukipita hapo hata kidogo, mama alikuwa akivuta pumzi fupi kwa meno na kufumba macho. Kilemba alijifunga kwa mkono mmoja na meno. Dawa hakutaka, alisema bega lake wameshazoeana.

"Siku yangu utaniosha wewe," aliniambia siku moja tukirudi kutoka kwenye msiba. "Wengine hawalijui bega hili. Watalivuta."

"We mama, wewe utatuosha sote."

"Sema ndiyo."

"Haya, ndiyo. Ntakuosha."

Hilo ndilo jambo pekee ambalo mama aliwahi kuniomba kwa ajili yake mwenyewe. Mengine yote aliyoniomba yalikuwa kwa ajili yangu, na hapo ndipo yalipo majuto yangu.

Mgongo wangu uliharibika kwenye barabara ya Olumbi. Nilikuwa natoka kununua makopa ya muhogo, mvua imenyesha, lori likazama kwenye tope karibu na kizuizi, na askari wakataka abiria wote tushuke na mizigo yetu. Mwenye akili angeshuka kwanza, kisha akapokea mzigo. Mimi niliruka na gunia langu kichwani, maana niliogopa kuliacha. Kitu kikasema tak! chini ya kiuno. Tangu siku hiyo maumivu yanaanzia kiunoni, yanashuka pajani mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, na hayana adabu ya kupumzika hata Ijumaa.

Nilichuliwa kwa mafuta ya nazi. Nilikunywa kombe, aya zilizooshwa kwa maji. Nilimeza paracetamol mpaka tumbo likaniasi. Mwisho nikaenda kituo cha afya, na nesi mmoja wa kutoka Nampula, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, akanipa vidonge vya tramadoli. "Um de manhã, um à noite," alisema. "Kimoja asubuhi, kimoja usiku. Usizidishe. Dawa hii ni nzuri, lakini inazoesha. Mpe mtu wa nyumbani akuwekee, awe anakupa yeye."

Sehemu hiyo ya mwisho niliiacha palepale mlangoni kwake. Mimi, mwanamke mwenye wajukuu, nipewe vidonge kiganjani kama mtoto wa surua? Nilivitia ndani ya kopo la maziwa, nikaliweka juu ya ukuta, chini ya bati.

Asubuhi ya kwanza nilifagia ua wote. Niliinama, nikainuka, nikainama tena, nikalia kwa furaha nimeshika fagio. Wiki ile niliosha maiti wawili, na mama kwenye kigoda chake hakupata la kunisema.

Lakini lazima niseme kweli yote. Vidonge vile havikuondoa maumivu ya mgongo peke yake. Viliondoa na kelele za malori, na mikorosho yetu iliyobaki ndani ya uzio wa mradi kule Afungi, na hofu tuliyotoka nayo porini siku za kukimbia vita. Kwa muda fulani baada ya kumeza nilikuwa mtu asiyemdai mtu kitu. Nikaanza kukiwahi kile cha usiku, nikakimeza alasiri. Nikaongeza kimoja cha mchana, nikisingizia baridi, nikisingizia jembe. Siku nyingine mgongo ulikuwa umetulia kabisa na mkono ukapanda wenyewe juu ya ukuta.

Sasa muelewe na mama alichokuwa akikiona. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wake, aliwahi kupata kandarasi ya kubeba mizigo kule ndani ya uzio. Vijana wa kazi ile walikuwa wakinunua vidonge sokoni, vimefungwa ndani ya nailoni bila karatasi wala jina, ili wabebe mzigo wa watu wawili. Kandarasi iliisha, vidonge havikuisha. Alirudi nyumbani anajikuna, anauza sufuria moja moja, na siku moja mama alimwona amesinzia mkono ukiwa ndani ya sahani ya wali. Siku hizi tunasikia yuko ng'ambo ya mpaka, upande wa Mtwara. Tunasikia tu.

Basi alasiri moja nilikuwa napepeta unga ukumbini. Nilipofumbua macho, unga ulikuwa mapajani na ungo uko chini, na mama amesimama mbele yangu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Na wewe?" alisema.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Aliingia ndani, akatoka na Msahafu umefungwa kwenye kitambaa chake cha kijani, akakaa mkekani. "Apa kwamba hutavimeza tena."

"Mama, hizi za hospitali."

"Na za ndugu yako nani alizitengeneza, Ibilisi? Zote zinatoka kiwandani. Apa."

"Na mgongo?"

"Mgongo hauui. Mimi na bega langu tumefika hapa. Mtoto mmoja ameshaliwa na vidonge, wa pili sitoi. Apa, au usiniite mama."

Niliapa. Mkono juu ya Msahafu, wallahi, billahi, tallahi. Sikumwambia maneno ya nesi. Ningemwambia: mama, wewe uwe mtu wa nyumbani, wewe ukae na kopo, unipe kimoja asubuhi na kimoja usiku. Angekubali, namjua. Angelifunga kopo lile kwenye pindo la nguo yake na asingetoa kidonge cha ziada hata kwa fimbo. Lakini niliona aibu.

Siku zilizofuata niliumwa ugonjwa mwingine kabisa. Jasho, miayo, tumbo la kuhara, miguu isiyotulia kitandani. Mama alinikanda maji na kusema, "Unaona? Huo ndio uteja unatoka." Nikamwamini. Nesi aliniambia baadaye kwamba mwili ukishazoea dawa hauachishwi kwa siku moja, unapunguziwa kidogo kidogo, na kwamba nilijitesa bure. Kuzoea na kuwa teja ni majirani wanaochangia ukuta, na mimi mpaka leo sijui nilikuwa nalala nyumba ipi.

Ugonjwa ule ulipita. Mgongo ukabaki, mzima mzima, bila kitu cha kuukinga. Nikawa natembea na fimbo, nakaa kwenye kiti cha plastiki, na kuinama kukanishinda. Misiba ilipotokea walienda kutafuta muosha mwingine. Mama alikuwa akinikanda kiuno kwa mkono wake mzima, akisema pole mwanangu, pole, na mara nyingine alianza neno akalikatiza. Nafikiri alikuwa akisubiri mimi nimwombe anifungulie kile kiapo. Mimi nilikuwa nasubiri anifungulie yeye. Tulistahiana hivyo mpaka mwisho.

Alikufa asubuhi, kwa homa iliyomchukua siku chache tu. Wanawake wakajaa uani, mfuo ukachimbwa, kitanda cha kamba kikaletwa, majani ya mkunazi yakachemshwa. Mmoja akauliza, "Anayeosha nani?" Wote wakanigeukia mimi, kwenye kiti changu cha plastiki.

Nilijikokota mpaka ndani. Kopo lilikuwa palepale juu ya ukuta, na karatasi moja ya vidonge ilikuwa imebaki ndani yake. Nilikitoa kimoja, nikakishika kiganjani. Nilijua vizuri kitakachotokea: maji yakichemka na kupoa, mimi nitakuwa nainama. Lakini Msahafu ulikuwa kwenye rafu mbele yangu ndani ya kitambaa cha kijani, na mama hajaingia hata kaburini. Ni mtoto gani anavunja kiapo cha mama yake na mama bado yuko juu ya kitanda? Na kulikuwa na jingine. Mlango ulikuwa wazi, wanawake wananiona, na habari za mdogo wangu kila mtu anazijua. Niliogopa isije ikasemwa kwamba nilimwosha mama nimelewa. Nikakirudisha kidonge ndani ya kopo.

Akaosha mwanamke mwingine, mtu wa Olumbi aliyehamia hapa, mtu mwema na fundi wa kazi yake. Mimi nilikalishwa nje ya kapulana, kwa kuwa hata ndoo nisingeweza kuinua. Nilisikia kila kitu na kukifuata kwa masikio. Alianza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Maji yalikwenda polepole. Nikaanza kutulia. Kisha akahamia kushoto.

"Mkono huu umekakamaa," alisema. "Shikeni hapa, tuunyooshe."

Nilisema, "Taratibu, bega hilo..." Sauti ilitoka ndogo. Nikajaribu kusimama niipaze, mgongo ukanikamata katikati, nikarudi kitini kwa kishindo. Nikasikia kiungo kikilia, mlio mdogo, kama kuni mbichi. Na nikajikuta nimevuta pumzi fupi kwa meno, mimi, mahali ambapo angeivuta yeye.

Kiapo sikukivunja. Nilikitunza mpaka arobaini ikapita, nikijipa moyo kwamba angalau hilo nimemtimizia.

Halafu nguruwe wakaingia shambani. Muhogo wetu ulikuwa umekomaa, kila tukiamka tunakuta matuta yamefukuliwa, na wa kunisaidia hakuwepo. Asubuhi moja, hata sikukaa kufikiri, niliweka kiti chini ya ukuta, nikashusha kopo, nikameza. Jua lilipopanda nilikuwa ng'oa ng'oa, tuta baada ya tuta, natania na jirani wa shamba la pili kwamba leo nguruwe watalala njaa. Niliinama kama msichana. Nikashika shina moja, nikalivuta, likagoma. Nikalivuta tena kwa nguvu, nikasikia mizizi ikikatika chini ya udongo.

Nikaliachia. Nikakaa chini palepale kwenye tuta. Kiapo nisichokivunja kwa ajili ya mama nilikuwa nimekivunja kwa ajili ya muhogo. Jirani alifikiri ni mgongo, akaja mbio na maji. Nililia mpaka akaogopa.

Jioni nilikwenda kwa mwanamke anayesomesha watoto Kurani chuoni, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikosha vyombo vyake.

"Lakini kiapo kina kafara, dada," alisema. "Ukiapa jambo, kisha ukaona jingine lililo bora, fanya lililo bora, halafu ulipe. Unalisha maskini kumi. Kama huna, unafunga siku tatu. Hukujua?"

Nilitaka kusema sikujua. Ndipo nikamkumbuka mama, mimi bado mdogo, kule pwani, amekaa mbali na chungu mchana na wala si Ramadhani. Alikuwa ameapa kwa hasira kwamba hatakanyaga tena kwa dada yake, na dada yake akaugua, akaenda kumuuguza. Nilimuuliza kwa nini hali chakula. "Nalipa maneno," aliniambia, na akaendelea kutwanga.

Kwa hiyo alijua. Wakati ananiapisha alijua kwamba mlango upo, na labda aliamini kwamba mimi pia naujua. Siku ile ningekimeza kile kidonge, nikamwosha, nikamshikia bega lake mpaka usawa wa titi, basi, kisha nikafunga siku tatu. Tatu tu. Nilizifunga baadaye, kwa ajili ya muhogo.

Sasa nimerudi kwa nesi, na kopo analitunza jirani yangu yule wa shambani. Ananipa kimoja asubuhi na kimoja usiku, ananitania nifungue mdomo kama kinda, nami nafungua. Kuna siku natamani cha tatu. Namwambia, ananinyima, tunacheka, ingawa si mara zote nacheka kutoka moyoni.

Nimerudi pia kuosha. Kabla ya maji ya kwanza huwa nawauliza wenye msiba: marehemu alikuwa anaumwa wapi? Wananishangaa. Ameshapumzika, wananiambia, hana maumivu tena. Niambieni tu, nasema, goti, kiuno, shingo, niambieni nijue pa kushika. Siku ya mama hakuna aliyeuliza, na jibu nilikuwa nalo mimi, nimekaa nyuma ya kapulana.