Kitabu cha Kuwashia Tanuri

Kile kitabu kilinifikia ndani ya gunia la karatasi za kuwashia moto. Nilikuwa mchochea moto kwenye tanuri la kukaushia maua ya pareto, katika shamba la mzungu mmoja juu ya Molo, upande wa kwenda Kuresoi. Kila Jumamosi mke wa mwenye shamba alituletea karatasi alizochoka nazo: magazeti ya miezi iliyopita, orodha za mbegu, picha za farasi. Wenzangu walizitia motoni bila kuzitazama. Mimi nilizipekua kwanza. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipofia kazini kwenye reli pale Nakuru na sisi tukatolewa katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, lakini kusoma hakukuniacha. Nilisoma maandishi ya magunia ya mbolea. Nilisoma tiketi za gari moshi zilizookotwa njiani. Sikukaa mahali mwaka mzima, na kila nilipohama nilibeba vitu vya kusoma vingi kuliko nguo.

Jalada la kitabu lilikuwa na mwanamke ambaye gauni limemteremka begani, na nyuma yake mwanamume aliyekunja uso kama anaumwa jino. Nikakificha chini ya shati.

Niseme nilichotarajia, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini kilinivunja moyo. Tulikuwa tukiwapikia wazungu wale, tukiwafulia mashuka, tukijua ni nani kati yao anayekunywa asubuhi. Tusichokijua ni walichoambiana mlango ukishafungwa. Nilidhani nimepata tundu la ufunguo. Nilikuwa na kamusi ndogo kutoka sokoni Nakuru, iliyoanzia herufi ya C kwa kuwa panya walikula kurasa za mbele. Maneno yote ya A na B nilikuwa nikiyakisia.

Nilisoma mchana, tukingoja wanawake walete maua kupimwa. Haikuchukua muda wakajua.

"Karani wa moshi," walikuwa wakiniita, vikapu vimejaa migongoni. "Leo mzungu wako amemshika nani?"

"Bado amesimama dirishani."

"Tangu juzi? Miguu haimuumi?"

Na kweli alikuwa amesimama. Kurasa arobaini mwanamume yule alisimama dirishani akiteseka. Alimpenda mwanamke ambaye baba yake hakutaka mkwe kama yeye. Akiteseka kidogo, wanakutana katika banda la farasi, vifungo vinafunguliwa, ukurasa mzima wa pumzi na ngozi. Kisha anarudi dirishani. Mara ya kwanza masikio yaliniwaka moto. Mara ya tatu niliona maneno ni yale yale, nikawa naruka mistari. Lakini niliendelea, kwa sababu niliamini kitu chenyewe kiko mbele.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mzee wa Kikuyu, mtu wa makamo, ingawa sisi vijana tulimwona mkongwe. Hali ya Hatari ilipotangazwa kwa ajili ya wapiganaji walioingia msituni, malori yalikuja yakawachukua watu wake kuwarudisha rizavu, sehemu walizotengewa na serikali. Mwenye shamba aliwaombea wachache aliosema hawezi kufanya kazi bila wao, na huyu alikuwa mmoja, kwani hakuna aliyejua moto wa tanuri kama yeye. Aliweka kiganja cha kushoto chini ya trei ya waya, akafumba macho, akakwambia ua limekauka au bado. Wale wa kipimo cha zebaki walikuja kumuuliza yeye.

Mke wake na mama yake walipandishwa lori asubuhi ile, sufuria ya maharagwe ikiwa jikoni. Aliporudi laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi, alikuta moto umezimika na maharagwe hayajaiva.

Sasa mke alikuwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, chini ya chifu na homgadi, walinzi wenye silaha wa serikali. Mwenye shamba alikuwa ameandika kuomba arudishwe kuchuma pareto. Kilichobaki ni neno la chifu wa huko kwamba mwanamke yule na nyumba yake hawana jambo baya. Mzee alikuwa amefunga maisha yake yote kwenye neno hilo. Lakini zilikuja habari kwamba kijijini wanamwambia mkewe aache kungoja, mumewe amekwisha oa mwingine shambani.

Jumapili moja, saa sita, tulikaa juu ya magogo nje ya tanuri, mimi na kalamu.

"Andika," akasema. "Mimi ni mzima. Mvua imenyesha. Wasalimie wote."

"Mzee, hiyo ni ile ya mwezi uliopita."

"Kwani mimi nimebadilika?"

"Anaambiwa umeoa. Mvua itamwondolea hilo?"

Akachezea ganda la mti. "Basi mwambie ile sufuria yake bado ninayo. Sijampa mtu."

Nikacheka. Ninakumbuka kicheko hicho vizuri kuliko ningependa. "Mzee, mwanamke haandikiwi sufuria."

"Huyo mzungu wako anaandika nini?"

Bahati mbaya nilikuwa nimefika hapo hasa. Mwanamume alikuwa ameondoka dirishani, amekaa mezani, anaandika barua. Nikamgeuzia maneno kwa Kiswahili, nikifanya sauti. Alisikiliza akitazama chini.

"Mzungu anamwambia mkewe hivyo?"

"Si mkewe."

"Aa." Akafikiri. "Wewe ndiye karani. Andika unavyojua, mradi ajue sina mwingine."

Nikaandika kurasa mbili. Niliandika kwamba akilala anaungua, kwamba mwili wake unaukumbuka mwili wa mkewe mahali na mahali. Niliandika kwamba hakuna kitakachomzuia, siku moja atakuja. Kitabuni ilikuwa ukuta wa bustani na mbwa wa baba mtu. Mimi nikaweka handaki na homgadi, na njia ya kupita msituni, nikaona nimetafsiri vizuri. Sufuria sikuiandika. Mzee akatia kidole gumba kwenye wino, akabonyeza chini ya maneno ambayo hakuyasikia yote.

Kila mtu wakati ule alijua barua inavyosomwa. Mwenye kusoma alikuwa mmoja, labda mwalimu wa kanisa, na alisoma kwa sauti, watu wamezunguka, mwenye barua amesimama mbele. Ya mtu mmoja ilikuwa ya wote. Ndiyo sababu barua zetu zilikuwa mvua na salamu; zilivishwa nguo za kutokea mbele za watu. Mimi mwenyewe nilikwisha kusoma hivyo mara nyingi pale shambani, wakwe na wajukuu wakisikiliza. Lakini mwanamke wa kitabuni kila alipopata barua aliipeleka chumbani, akageuza ufunguo, akaisoma amelala. Wiki tatu nilikuwa nimeishi katika chumba kile. Nikamwandikia mke wa mzee kana kwamba naye anacho.

Habari zililetwa na dereva wa lori la viazi, mtu wa kijiji hicho hicho aliyekuwa na pasi ya kwenda na kurudi. Alimwambia mzee mbele yangu, bila kututazama.

"Ilisomwa kwenye boma la chifu. Mwalimu alipofika pale pa mwili alikohoa akataka kukunja. Chifu akasema, endelea, barua husomwa yote."

"Mama alikuwapo?" mzee akauliza.

"Alikuwapo. Alijifunika shuka kichwani akaondoka. Mkeo alisimama mpaka mwisho."

"Alisema nini?"

"Angesema nini, kaka? Homgadi walikuwa wanacheka. Halafu ikafika ile ya handaki na msitu. Hapo hakuna aliyecheka. Chifu ameiweka barua. Na karatasi ya ruhusa ya mkeo ameirudisha chini kabisa ya nyingine."

Jumanne asubuhi walikuja askari wawili na barua yenyewe. Nyapara alituita tusimame nje ya tanuri. Mmoja akaifungua, akauliza ni ya nani na nani aliyeiandika.

"Ni maneno yangu," mzee akasema.

"Wewe unajua kuandika?"

"Kidole ni changu. Maneno ni yangu."

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Wino ulikuwa bado kwenye kucha yangu. Sikufungua mdomo, na hakunigeukia, hata kidogo, kwa sababu angenigeukia wangejua.

Wakamchukua, akakaa kwao siku nane. Aliporudi vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika. Alikwenda moja kwa moja kwenye trei, akaweka kiganja chini yake, akafumba macho, akakaa hivyo. Kisha akaweka mkono wa kulia. Akatikisa kichwa akaenda kuchukua kuni. Wale wanawake walikuja na vikapu vyao siku hiyo na hakuna aliyeniita karani.

Nilingoja anitukane. Siku ya tatu, tukila, akasema, "Kile kitabu umekimaliza?"

"Bado, mzee."

"Nisomee mwisho. Nataka kujua yeye alipata nini kwa barua yake."

Nikaleta kitabu. Kurasa zilizobaki zilikuwa kama sitini, na nilizisoma kwa siku mbili mchana, nikimgeuzia. Mwanamke alisoma barua chumbani akalia. Mwanamume akafikiri hatakuja, akataka kufa. Alitembea kwenye mvua bila kofia kurasa nane. Mwanamke akaja. Vifungo vikafunguliwa. Baba mtu akafa kwa ugonjwa wa moyo, kwa wakati ufaao, akamwachia binti nyumba. Vifungo vikafunguliwa tena. Kikaisha hapo.

"Na mama mkwe alikuwa wapi?" mzee akauliza.

"Hakuna mama mkwe."

"Huyo mtu alikuwa akifanya kazi gani?"

Nikarudi nyuma nikatafuta. "Haikuandikwa."

"Nani alikuwa akipika?"

"Haikuandikwa."

"Na pale alipotaka kufa, nani alimfanya nini?"

"Hakuna aliyemfanya kitu, mzee. Alikuwa na huzuni tu."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Basi umenisomea habari za nguo. Zinavuliwa, zinavaliwa."

Tangu wakati ule nimesoma vitabu vingi, vingine vibovu kuliko kile, na sijawahi kukichukia kitabu kwa sababu kina vitanda. Nilichukia kwamba yule mwanamume aliteseka kurasa mia tatu na hakuna neno lake hata moja lililomgharimu mtu. Alisema atapita katika moto, na hakuna aliyewasha moto. Alisema kuta hazitamzuia, na kuta zikasogea. Aliyekiandika aliyatoa maneno yale bure, na mimi nikayachukua bure, yakaenda kulipwa na wengine mahali ambapo kila neno lilikuwa na askari wake. Na kile nilichokitafuta kwenye tundu la ufunguo hakikuwamo. Hawakuambiana kitu wale wawili. Hata siku moja hakumuuliza kama amekula.

Mzee akafuta mikono. "Sasa chukua kalamu. Andika ninavyosema. Usiongeze."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ni mzima. Mvua imenyesha. Wasalimie wote, mama kwanza." Akaitazama kalamu. "Ile sufuria bado ninayo. Sijampa mtu."

Nikaandika hivyo. Nikamsomea mara mbili. Akatia kidole gumba cha kulia, na dereva wa viazi akaichukua, ingawa hakutaka.

Msimu wa maua ulikuwa unaisha, na mzee hakuweza tena kupima trei wala kubeba gogo. Mwenye shamba aliacha kumwombea. Sikusikia wakisemezana, niliona tu jina lake halikusomwa asubuhi, na kabla ya mchana lori likawa limesimama laini. Alitoka na blanketi na ile sufuria ameifunga kwa kamba ya katani. Askari akampima kwa macho.

"Unakokwenda utapikiwa. Weka chini."

Akaiweka chini, taratibu, mdomo juu. Hakuna aliyesema lori linakwenda wapi, ila halikushika njia ya kwao.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu hivi, kwa mwandiko wa mwalimu. Dereva alinipa mimi kwa kuwa hakujua ampe nani. Kwa desturi ningesimama juu ya sanduku nikaisoma mbele ya watu, lakini watu wake hawakuwapo tena, hata mmoja. Niliingia ndani ya tanuri lililopoa, nikavuta mlango, nikaisoma peke yangu.

Ilisema sisi wote ni wazima. Mvua huku bado. Mama ameanza kusema nami tena. Ile sufuria usiisugue kwa mchanga, itatoboka.

Niliuliza habari zake Molo, nikauliza Nakuru kwenye stesheni, kwa kila aliyeshuka kutoka makambini walikozuiliwa watu. Sikumpata. Mwezi uliofuata nilihama kwenda Naivasha, na sufuria niliibeba, ingawa si yangu na sikuwa na haki nayo. Nimeitumia kupikia miaka mingi. Naiosha kwa majivu na kitambaa.