Nilikuwa katibu wa maandalizi ya msafara wa mikokoteni Nachingwea hadi Ruangwa. Mtoto wa unga wa familia namba tatu aliongezeka uzito kila wiki

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekaa na hili jambo siku tisa. Nimeliandika nikafuta mara mbili. Leo naliweka hapa lilivyo, na pale nisipojua nitasema sijui. Mtu akitaka chumvi aongeze kwake.

Kwanza mnijue. Nina miaka ishirini na saba, digrii yangu ni ya takwimu, kazi bado natafuta. Mzee wangu ni mtumishi aliyehamishiwa Nachingwea kutoka mkoa mwingine, kwa hiyo hapa ni nyumbani nusu. Kanisani naenda kwa sababu mama anakasirika nisipoenda. Mimi ndiye yule kijana anayenyoosha mkono kwenye mafundisho na kuuliza, "Hiyo tumeijuaje?" Kuna wazee wakiniona nanyoosha mkono wanafunga Biblia.

Kanisa letu ni dogo, sitalitaja. Waumini wa kwanza, enzi hizo, walihama kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa kwa miguu, mali zao zote kwenye mikokoteni ya kuvuta kwa mikono. Njiani mtoto mmoja alifariki, wakamzika kando ya barabara, wakaendelea. Hakuna anayejua ni wapi.

Mwaka huu vijana tuliamua kuirudia safari hiyo. Mwenyekiti ni Mwalimu Foibe, anafundisha sekondari, mama mkali mwenye filimbi shingoni hata akiwa sokoni. Mimi akanifanya katibu. "Wewe unayeuliza sana," alisema, "njoo uulizwe wewe sasa."

Utaratibu ulikuwa hivi. Vijana tunagawanywa familia nne. Kila familia ina mkokoteni, ina baba na mama wa kuigiza, na ina mtoto. Mtoto ni kifurushi cha unga wa sembe kilo tatu, kimefungwa kwenye kitenge. Mama anambeba mgongoni njia nzima. Siku ya pili ya safari, familia zote zinasimama, zinachimba, zinamzika mtoto wao, zinaimba, zinaendelea kuvuta.

Sasa mimi, kwa akili zangu za bajeti, nikaongeza kitu. Unga utupwe ardhini wakati vijana arobaini wanahitaji kula? Nikaandika kwenye ratiba:

Saa nne kamili, mazishi.
Saa nne na dakika ishirini, kufukua.
Saa sita, ugali.

Kamati ikapitisha. Hakuna aliyeshtuka, hata mimi.

Majina ya baba na mama wa kila familia niliyapata kwa kompyuta, ichague yenyewe bila upendeleo. Nilijivunia sana hilo. Nikasoma majina mbele ya vijana. Nilipofika, "Familia namba tatu, mama, Neema," ukumbi ukanyamaza.

Si kunyamaza kwa kusikiliza. Ilikuwa kama feni imezimwa.

Neema ni dada wa miaka ishirini na minne hivi, kwao Kiegei, ameolewa na Amani, fundi aliyetuundia mikokoteni. Amani kwao ni Namungo, kule machimboni, ufundi alijifunza kwa kuunda toroli za wachimba dhahabu. Nikamwangalia Amani, alikuwa anaangalia sakafu. Neema akasema, "Sawa, Katibu." Nikaendelea na familia namba nne.

Mimi kwa miaka mitatu nilikuwa chuoni, mbali na hapa. Lile ambalo kila mtu ukumbini alilijua, mimi sikulijua. Na hakuna aliyeniambia.

Mazoezi yalikuwa kila Jumamosi asubuhi, nje kidogo ya mji, kwenye njia inayopita katikati ya mashamba ya mikorosho. Niliazima mzani wa kuning'iniza kwa mnunuzi wa ufuta, nikautundika kibarazani pa kanisa. Kila tukirudi nilipima vile vifurushi vinne. Nilihofia watu watachota unga. Ndiyo, wakuu, niliwahisi waumini wenzangu wizi wa sembe.

Jumamosi ya kwanza, familia ya kwanza, ya pili na ya nne: kilo tatu kasoro kidogo. Unga unavuja, inaeleweka.

Familia namba tatu: kilo tatu na robo.

Nikapima tena. Vilevile. Nikaandika pembeni, "mzani?"

Jumamosi ya pili, wengine wamepungua tena. Namba tatu: kilo tatu na nusu.

Nikamtania Neema, "Mama, huyu unamnyonyesha nini? Anakua."

Vijana waliokuwa karibu hawakucheka. Neema akakivuta kifurushi kifuani, akasema taratibu, "Ameanza kuzoea." Akakipeleka mwenyewe stoo.

Jumamosi ya tatu ndipo nilipoanza kuogopa.

Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Wanaojua wanajua, inafanyika asubuhi umande ukiwepo, ile poda inatanda shambani kama ukungu wa njano na huoni mbele. Tukaingia katikati yake tukiwa na mikokoteni. Hakuna ndege anayelia. Sauti ni ya magurudumu tu, na kwa mbali mashine ya kupulizia.

Halafu mashine ikazimwa.

Kwenye ule ukungu wakatokea watu watatu, wamefunga vitambaa usoni, nyusi na kope zimejaa poda. Mzee na wanawe wawili wakubwa. Mzee akatuangalia. Alipomwona Neema na kifurushi chake, akashusha kitambaa, akasema, "Innalillahi."

Akaja, hakuuliza kitu, akashika ubavu wa mkokoteni wa familia namba tatu akausukuma. Wanawe wakashika upande wa pili. Wakatembea nasi hatua kama hamsini hivi, kimya, kama watu wa huku wanavyofanya jeneza likiwapita njiani. Mikokoteni mingine mitatu hawakuigusa.

Nikamfuata. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, samahani, hapa hakuna msiba. Tunafanya mazoezi tu. Huo ni unga."

Akanitazama na zile kope za njano. "Najua ni mazoezi, mjukuu wangu. Nawaona kila Jumamosi. Nyie mnafanya mazoezi." Akamwonyesha Neema kwa kidevu. "Huyo hafanyi."

Wakarudi kwenye ukungu. Mashine ikawaka.

Siku hiyo mzani ulisoma kilo tatu na robo tatu.

Jumapili nikabandika ratiba kwenye ubao wa matangazo. Neema akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akasimama katikati.

"Katibu, hii saa nne na dakika ishirini ni ya nini?"

"Kufukua."

"Kufukua nini?"

"Vifurushi. Ule unga tutaupika."

Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayeelekezwa njia. "Kwa hiyo tutamla."

Nikajifanya nanyoosha karatasi.

Jumatano sikuvumilia, nikaenda stoo nikakipima peke yangu. Stoo ina funguo mbili, mmoja ninao mimi, mwingine Amani kwa ajili ya vifaa vyake. Amani aliondoka Jumanne kwenda kwao Namungo kuchukua magurudumu. Neema hakuwa na ufunguo. Tangu Jumamosi hakuna aliyeingia.

Kilo nne na robo.

Kiangazi hiki, nje vumbi tupu, lakini kile kitenge kilikuwa baridi, na kilitoa harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Nikafunga mlango. Nakiri nilitembea kwa haraka mpaka barabarani.

Alhamisi saa tisa alasiri nikarudi, nimejipa moyo. Mimi ni mtu wa takwimu. Kitu kikiongezeka uzito kuna kitu kimeongezwa. Nikapima tena, nne na robo, nikakiweka juu ya mkokoteni, nikakifungua.

Mfuko wa sembe ulikuwepo. Chini yake kulikuwa na mafundo ya vitambaa. Matatu ya kitenge, ndani udongo mwekundu. La nne lilikuwa kubwa kuliko yote, limefungwa kwa waya, ndani udongo wa kijivu unaometameta kidogo.

"Umemfungua."

Neema alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Nikaomba radhi, maneno mengi yasiyo na mpangilio. Akaketi kwenye mkokoteni, akaanza kueleza huku anayapanga yale mafundo.

Alijifungua mtoto wa kike, miaka miwili iliyopita. Aliishi kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Neema alikuwa bado hawezi kusimama. Alipopata nguvu, mtoto alishazikwa. Akawauliza kina mama wa kanisa na wa ukoo, amezikwa wapi? Wakamwambia, mshukuru Mungu, bado kijana, utapata mwingine, usilie sana utamzuia anayekuja. Hakuna aliyemwonyesha.

"Jina langu lilipotoka kwenye kompyuta yako," alisema, "nikajua safari hii nitamzika mwenyewe, na watu wakiwepo. Udongo huu ni wa mlangoni kwangu. Huu ni wa pale nilipoanika nepi ambazo hakuzivaa. Huu wa nje ya wodi. Kila Jumamosi njiani naongeza mmoja. Nimeweka mara tatu, Katibu."

Nikamwonyesha fundo la nne.

Akalishika. Akaunusa ule udongo. Akakigeuza kitambaa, kikaonekana kipande cha mfuko wa ovaroli ya bluu, na ule waya ni ule ule uliofunga mbao za mikokoteni yetu yote.

Akalifunga upya kwa ule ule waya. Mwisho akasema, "Huu si udongo wa Nachingwea." Kisha, "Usimwambie kama nimeuona."

Ijumaa nikaenda kwa Mwalimu Foibe. Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya mwisho, na tungepitia ratiba yote ya siku ya pili, mazishi na kufukua. Nikamweleza kuhusu ule udongo, nikamwomba ule mstari wa kufukua ufutwe, walau kwa familia namba tatu.

"Msomi," akaniambia, "uliuandika wewe. Sasa umeingiza udongo wa msiba kwenye shughuli ya kanisa? Wazee wakisikia, watasema vijana wanafanya ushirikina, na msafara umekufa. Vijana arobaini, Katibu."

"Kwa hiyo Neema aufukue kwa mikono yake?"

"Ana unga na udongo. Kwani wewe si huamini chochote? Leo unaamini mtoto wa sembe?"

"Simwamini mtoto wa sembe. Namwamini Neema."

Akaishika filimbi yake. "Saa nne na dakika ishirini nitapiga filimbi," akasema. "Familia zote."

Jumamosi tulichimba kando ya njia, kwenye ardhi ya yule mzee, alitupa ruhusa. Familia nyingine tatu zilikwangua kina cha sufuria. Amani, mume wa Neema, alichukua jembe la familia namba tatu ingawa hakuwa kwenye kundi. Akachimba mpaka magoti. Akaendelea mpaka kiuno. Hakuna aliyemwambia acha. Ukungu wa salfa ulikuwa unatujia polepole kutoka shambani.

Neema akamshusha mtoto mgongoni. Kabla ya kumpa, akatoa lile fundo la waya, akaliweka juu ya kitenge, mahali pa kuonekana.

Amani akiwa shimoni akaliona.

"Ulikuwa unajua," Neema akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Uliwauliza kina mama. Mimi hukuniuliza." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilimbeba mwenyewe kwa pikipiki mpaka Namungo. Yuko nyuma ya nyumba ya baba."

"Nimelala kwenye nyumba hiyo Krismasi mbili."

"Hatua ishirini, Neema. Nilikuwa nazihesabu usiku."

Neema akapiga magoti, akampa kifurushi kwa mikono miwili. Amani akapokea kwa mikono miwili. Akamlaza, akapanda juu, wakaanza kufukia pamoja. Mzee na wanawe walishatoka shambani, wakatupia kila mmoja viganja vitatu vya udongo.

Filimbi ikalia. Saa nne na dakika ishirini.

Familia zile nyingine zikainama kufukua. Familia namba tatu hakuna aliyesogea. Mwalimu Foibe akaja kwa hasira, filimbi mdomoni, akafika ukingoni. Akaona kina. Akaona mikono ya Neema.

Filimbi ikamdondoka mdomoni, ikabaki inaning'inia.

"Mwalimu," mzee akamwambia kwa upole, "waache wale wachukue unga wao. Huyu keshalala."

Mwalimu akanigeukia, akanyoosha mkono. Nikampa ratiba na kalamu. Akaukata ule mstari, akaukata mara mbili. Saa sita tulikula ugali wa vifurushi vitatu. Haukutosha, na hakuna aliyelalamika.

Msafara wenyewe ni wiki ijayo. Ratiba ina kituo kipya: Namungo, nyuma ya nyumba ya baba yake Amani. Muda wa kuondoka pale sijaandika.

Nilichojifunza: kabla hujamchagua mtu kwa bahati nasibu, uliza ni nani. Kompyuta haikuwa na upendeleo, na haikuwa na habari pia. Na namba zangu zilikuwa sahihi wiki zote hizo, lakini sikuuliza kinachopimwa ni nini.

Bado kitu kimoja, ndicho kilichonifanya niwaandikie. Wakati tunarudi nilimuuliza Amani aliweka lile fundo lini. Akasema aliuchota ule udongo Namungo Jumatano jioni, akafika Nachingwea Alhamisi asubuhi, akaliweka stoo alipokuwa anaingiza magurudumu. Wenzake aliosafiri nao wamethibitisha.

Mimi nilipima Jumatano mchana, udongo huo ukiwa bado haujachotwa. Kilo nne na robo. Alhamisi, fundo likiwemo, kilo nne na robo.

Wenye kujua mizani, karibuni mnisaidie, na msinionee haya. Mimi nimejaribu. Jana nilinunua sukari kilo moja dukani, nikaitundika pale pale kibarazani.

Mzani ulisoma kilo moja.