Kifua cha Baba Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja nikiikumbuka hasira hunipanda mpaka leo. Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Ileje, na kwa desturi yetu mkamwana hamkaribii baba mkwe. Nikimwona njiani, napinda naingia shambani. Jina lake silitaji. Sawa, desturi hiyo niliishika, maana sikuwa mtovu wa adabu, ingawa wapo wanaosema hivyo hadi sasa.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunamenya kahawa. Baba mkwe alikuwa anazungusha mashine, mara akaanguka. Akaitwa, hakuitika. Kifua hakikupanda wala kushuka. Mmoja akammwagia maji, mwingine akaanza kuomba kwa sauti, na shangazi wa mume wangu akaleta kanga ya kumfunika. Kumfunika mtu aliyekuwa anatugombeza sasa hivi tu.

Shuleni nilifundishwa huduma ya kwanza. Nikapiga magoti, nikaweka viganja katikati ya kifua chake, kimoja juu ya kingine, nikakandamiza kwa nguvu na haraka.

"Toka hapo," akafoka mdogo wake baba mkwe. "Huyo ni mkweo. Unatuletea laana."

"Akifa nitakuwa mkwe wa nani?" nikamjibu bila kuacha. "Kaleteni gari."

Mikono ilipochoka nikamwonyesha mume wangu, tukawa tunapokezana. Nililia, kwa woga, siyo kwa aibu. Mwishowe mzee akakohoa, akaanza kuhema. Tukamlaza ubavu kwenye pikapu ya mnunuzi wa kahawa kutoka Mlowo, tukamkimbiza hospitali.

Alirudi na dawa za moyo za kumeza kila siku. Wazee wakakaa kikao, wakataka nitoe mbuzi nitakaswe. Nikakataa. Baba mkwe, ambaye hakuwahi kunisemesha, akajikongoja hadi mlangoni.

"Nikianguka tena," akawaambia, "mpisheni binti yangu."

Basi mwanangu, mtu akianguka, akawa haitiki na hahemi vizuri, usiombe ruhusa. Tuma mwenzako akatafute gari na daktari, wewe kandamiza kifua, wala usiache mpaka aheme au wenye ujuzi wafike. Akipona, simamia dawa zake na kliniki yake. Watakusema, na waseme. Mungu aipe mikono yako nguvu, na masikio yako ayafanye mazito wanapokuambia umwache.